Kitendawili cha yai na bunduki

Watoto wawili wako darasani, wametulia mbele ya kamera. Mmoja ameshika yai la chokoleti la Kinder, lile lenye kijidude cha kuchezea tumboni. Mwenzake ameshika bunduki ya mtindo wa kijeshi. Hakuna damu, hakuna anayelia, hakuna kioo kilichovunjika. Maneno yaliyoandikwa ni machache: mmoja wa watoto hawa ameshika kitu kilichopigwa marufuku Marekani ili kuwalinda. Bahatisha ni yupi.

Jibu ni yai. Ukishalijua, picha inageuka. Mwanzo macho yalikuwa kwenye bunduki, sasa hayataki kubanduka kwenye yai.

Tangazo hilo lilitoka Aprili 2013, likiwa na ndugu zake wawili. Moja limepigwa maktaba, ambapo mtoto mmoja ana kitabu cha hadithi ya Little Red Riding Hood na mwingine ana bunduki. Jingine lina mpira wa dodgeball, ule mchezo wa kulengana kwa mpira ulio karibu sana na rede. Yote matatu yalitengenezwa na kampuni ya matangazo ya Grey, tawi la Toronto, kwa ajili ya Moms Demand Action, kundi la akina mama linalodai sheria kali zaidi za bunduki, lililozaliwa kutokana na msiba. Tarehe 14 Desemba 2012 kijana mwenye bunduki aliingia Shule ya Msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, Connecticut, akaua watoto 20 wa miaka sita na saba pamoja na watu wazima 6. Kesho yake Shannon Watts, mama wa watoto watano aliyekuwa akiishi Indiana, alifungua ukurasa wa Facebook, na ukurasa huo ndio uliokuja kuwa kundi.

Nimeyarudia matangazo haya mara nyingi, na kila mara naona yamejengwa kama kitendawili. Mtegaji anataja vitu viwili, anakaa kimya, anakuachia uumize kichwa. Tofauti yake na vitendawili vya kawaida ni kwamba hapa karibu kila mtu anatoa mji. Mtu mwenye akili zake akiulizwa ni kipi kimepigwa marufuku kwa usalama wa watoto, atasema bunduki, na atasema haraka. Kukosea kwake ndiyo hoja yenyewe. Tangazo halimwambii kwamba hajui kitu. Linamwambia kwamba yeye amewaza sawasawa, ila sheria za nchi yake zimewaza vingine. Ni heshima ya ajabu kumpa mtazamaji, na ni werevu pia, kwa sababu mtu hawezi kubishana kwa urahisi na jibu alilolitoa kwa mdomo wake.

Baada ya hapo ndipo linakuja swali la balagha: yai la chokoleti tunalizuia kwa usalama wa watoto, kwa nini si bunduki za kivita?

Katika fasihi mbinu hii ina jina lake, tanakuzi. Mfano ambao kila aliyepita darasa la Kiswahili anaukumbuka ni tamaa mbele, mauti nyuma. Jaribu kuuandika kwa maneno mengi, kwamba binadamu akitanguliza tamaa mara nyingi huishia kukutana na kifo, na utaona jinsi makali yanavyokwisha. Tanakuzi hukata pale pande mbili zinapokuwa na urefu mmoja na mwendo mmoja, zikapishana kwa jambo moja tu. Ndivyo zilivyopangwa picha zile. Watoto wawili chumba kimoja, mwanga mmoja, umbali mmoja kutoka kwenye kamera, utulivu uleule wa uso. Kilichobaki kutofautiana ni kilichomo mikononi. Angekuwa mmoja analia na mwingine anacheka, mtazamaji angeanza kusoma nyuso, na sheria ingesahaulika.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake walichapisha jaribio ambalo, kwa bahati, linafanana na matangazo haya kama pacha. Watu walionyeshwa picha za mteja kwenye mgahawa wa vyakula vya haraka. Kundi moja liliona mteja akimwelekezea mtunza fedha bastola. Kundi jingine liliona mteja yuleyule akimkabidhi hundi. Watafiti walifuatilia macho ya watazamaji na kukuta kwamba waliiangalia bastola mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko hundi, na walioona bastola hawakumkumbuka vizuri mtu aliyeishika. Silaha hunyonya macho, na yaliyo kando yake hufifia.

Kwa mtengeneza matangazo hiyo ni shida kubwa kuliko inavyoonekana. Akiweka bunduki kwenye picha, bunduki itakula picha nzima, na mtazamaji ataondoka na hofu asiyojua aifanyie nini. Kwa hiyo kazi yote inabaki kwa kile kitu kidogo kilicho upande wa pili. Yai, kitabu, mpira: hivi ndivyo vinavyobeba mzigo wa hoja, na tangazo la aina hii huponea au hufia hapo. Bunduki haihitaji msaada wa mtu.

Tulichukue yai basi, kwa kuwa ndilo lenye mengi. Marekani haikuwahi kukaa kitako na kutunga sheria dhidi ya Kinder. Sheria ya Shirikisho ya Vyakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 1938 ilikataza peremende na chokoleti zenye kitu kisicholiwa kilichofichwa ndani, na yai la Kinder, lililozaliwa Ulaya miaka mingi baadaye, lilijikuta limenaswa. Waliolipinga tangazo walilishikia bango hapo: ni ajali ya kisheria, walisema, hakuna aliyepima yai na bunduki kwenye mizani moja.

Kwangu mimi pingamizi hilo linaliongezea yai nguvu. Hebu fuata kilichotokea. Kwa sababu ya kifungu cha zamani kinachohofia mtoto kupaliwa, kampuni kubwa ya peremende ililazimika kukaa nje ya soko hilo kwa bidhaa yake mashuhuri, kisha ikaingia kwa yai jingine. Kinder Joy, lililoingia maduka ya Marekani mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, limegawanywa nusu mbili zilizofungwa kila moja kivyake: upande huu utamu wa kula, upande ule kijidude. Sheria ilisema, na bidhaa iliyoingia ikawa yenye umbo jingine. Hivyo ndivyo mfumo wa usalama wa bidhaa unavyotakiwa kufanya kazi, na hivyo ndivyo ulivyofanya kwa viti vya watoto vya kwenye magari, vitanda vya watoto na vizibo vya chupa za dawa.

Bunduki iliachwa nje ya mfumo huo kwa makusudi. Sheria ya mwaka 1972 iliyounda Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji iliziondoa silaha za moto katika mamlaka ya tume hiyo. Tume inaweza kuchunguza kibaniko cha mkate au kitanda cha mtoto. Bastola inayofyatuka ikianguka haiko mikononi mwake. Mwaka 2005 Bunge liliongeza ukuta mwingine, sheria inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha dhidi ya kesi nyingi zinazotokana na uhalifu uliofanywa kwa bidhaa zao. Na lipo jambo ambalo sijaona tangazo lolote likilitumia, nami nalionea uchungu kwa sababu limekaa tayari kabisa kupigwa picha. Bunduki ya kuchezea Marekani ina sheria yake ya shirikisho. Tangu sheria ya mwaka 1988, toi linalofanana na silaha halina budi kuwa na kizibo cha rangi ya chungwa kali mdomoni, au alama nyingine iliyokubaliwa, ili polisi asilidhanie la kweli. Weka toi hilo kando ya bastola halisi, mwanga mmoja, umbali mmoja. Mamlaka ya nchi nzima yameamua rangi ya mdomo wa ile ya plastiki.

Kitabu ni hadithi nyingine. Ukisoma tangazo la maktaba unaelewa kwamba Marekani imepiga marufuku Little Red Riding Hood. Ukweli ni kwamba toleo moja la hadithi hiyo liliondolewa katika wilaya mbili za shule za California karibu na mwaka 1990, kwa sababu kwenye kikapu cha binti yule kulikuwa na chupa ya divai ya bibi. Kisa cha kuchekesha, na cha kweli, lakini wilaya mbili si nchi. Neno "Marekani" katika tangazo limevutwa mpaka limekatika. Mpira nao ni vivyo hivyo: zipo wilaya na shule zilizoukataza, zipo nyingi zinazoucheza mpaka leo. Msomaji mwenye shaka akiligundua hilo hasamehi. Halirekebishi kosa dogo kichwani mwake na kuendelea. Analitupa tangazo lote, pamoja na yai lililokuwa sahihi.

Yupo pia aliyeuliza swali gumu zaidi. Hao watoto wako shuleni, na bunduki shuleni tayari imekatazwa na sheria ya shirikisho. Bunge liliipitisha mwaka 1990, Mahakama ya Juu ikaitupa mwaka 1995, ikarudishwa ikiwa imerekebishwa mwaka 1996. Kwa hiyo picha inaonyesha kitu kilicho haramu ili kulalamika kwamba hakijaharamishwa. Mwenye kulitetea tangazo atajibu kwamba hoja ni kuuzwa na kumilikiwa, si kuingizwa darasani, na atakuwa sahihi. Lakini picha haikusema kuuzwa. Picha ilisema mtoto, darasa, bunduki. Ukiamua kuongea kwa picha, jicho ndilo litakalokuhukumu, na maelezo ya pembeni hayatakuokoa.

Na juu ya yote hayo kuna Katiba. Marekebisho ya Pili ni ya mwaka 1791, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema yanamlinda mtu binafsi kumiliki silaha nyumbani. Hakuna marekebisho ya Katiba yanayolinda yai la chokoleti. Mmarekani anayeipenda bunduki yake haoni mkinzano wowote kwenye picha ile. Anaona haki upande mmoja na bidhaa ya dukani upande mwingine, na kwa macho yake vitu hivyo havijawahi kukaa mizani moja. Tanakuzi inahitaji watu wawili waliokubaliana kwamba vitu vinalinganishika. Akikosekana mmoja, kinachobaki ni picha ya watoto wawili.

Mwezi uleule wa Aprili 2013, tarehe 17, Seneti ilipiga kura. Pendekezo la kupanua uchunguzi wa wanunuzi wa silaha lilipata 54 kwa 46, likaanguka kwa kuwa lilihitaji 60. Pendekezo la kurudisha marufuku ya bunduki za kivita lilipata 40 tu. Sisemi tangazo lilishindwa. Hakuna bango linaloweza kubebeshwa kura za maseneta. Nasema lilitoka katika chumba ambacho nusu ya watu hawakuwa wakiusikiliza mtindo wake wa kuongea.

Kama kuna anayedhani mbinu hii ni mali ya upande mmoja, arudi nyuma miezi mitatu kabla ya hapo. Januari 2013 chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilitoa video iliyouliza kama watoto wa rais ni muhimu kuliko wako, maana wao shuleni wanalindwa na walinzi wenye silaha huku rais akitilia shaka kuweka walinzi kama hao katika shule nyingine. Ikulu ililiita tangazo hilo la kuchukiza na la woga. Ukiondoa kelele, umbo ni lilelile: watoto huku na watoto kule, kitu kimoja kinachowatofautisha, na swali ambalo jibu lake unalo tayari mdomoni. Lilikuwa na kasoro ya aina ileile pia, kwani binti za rais wanalindwa na kikosi cha serikali kwa sababu ya cheo cha baba yao, si kwa sababu ya sera ya shule. Kitu kidogo cha kulinganishia kilikuwa hafifu.

Tangazo ninaloliona bora kuliko yote ya kundi hili lilikuja mwaka uliofuata. Agosti 2014 Moms Demand Action waliigeukia Kroger, mtandao mkubwa wa maduka ya vyakula, ambao wakati huo ulisema unafuata tu sheria za jimbo husika kuhusu wateja wanaobeba bunduki hadharani. Picha ziliwekwa sambamba kama zile za mwanzo. Mtu amening'iniza bunduki ndefu begani katikati ya rafu za bidhaa, na kando yake mtoto ameshika aiskrimu, au kijana ana ubao wake wa magurudumu. Mmoja wao hakaribishwi Kroger. Bahatisha ni yupi.

Umbo halikubadilika hata chembe, lakini tazama mambo mawili yalivyotengenezwa. Kwanza, makatazo ya aiskrimu na ubao ni makatazo ya duka, yaani ya yuleyule anayehojiwa. Huwezi kusema ni ajali ya sheria ya mwaka 1938, wala huwezi kusema ni wilaya mbili za California. Mwenye duka ndiye aliyeweka utaratibu wake, sasa anaulizwa kuhusu utaratibu wake. Pili, Katiba inatoka chumbani. Duka ni mali ya mtu, na mwenye mali anaweza kumwambia mteja aache silaha kwenye gari bila kugusa haki ya mtu yeyote. Hoja ikapungua ukubwa ikaongezeka uzito. Septemba 2019, mwezi mmoja baada ya mauaji ya watu wengi kwa risasi mjini El Paso, Texas, Kroger na Walmart, mtandao mwingine mkubwa wa maduka, zote mbili ziliwaomba wateja wasibebe tena silaha hadharani madukani mwao. Miaka mitano ni mingi, na mauaji ya mwezi uliotangulia yalikuwa na sauti kubwa kuliko bango lolote, kwa hiyo simpi mtengeneza matangazo sifa isiyo yake. Ila swali alilouliza ndilo lililojibiwa.

Picha mnato siyo njia pekee. Mwaka 2013 kundi la States United to Prevent Gun Violence lilitoa video ya mwanamume anayeingia ofisini na gobori la kale, anafyatua, anakosa, kisha anaanza kushindilia baruti upya huku watu wote wakikimbia kwa raha zao. Silaha zimebadilika, inasema, je sheria? Hapo kinachokinzana ni karne mbili, na gobori ndilo yai la video hiyo: kitu kinachochekesha, kinachokufanya uhesabu sekunde.

Iliyonikaa zaidi ni ya Septemba 2019, kutoka kwa Sandy Hook Promise, shirika la familia zilizofiwa. Inaanza kama tangazo lolote la kufungua shule. Mtoto anaonyesha begi jipya, mwingine mafaili yake, mwingine hedifoni. Muziki mchangamfu, rangi zinang'aa. Kisha kijana anasifia raba zake mpya, na nyuma yake kuna watu wanakimbia ukumbini. Mwingine anasifia koti lake huku akilifungia milango isifunguke. Kijana anavunja dirisha kwa ubao wake wa magurudumu. Binti anavua soksi zake ndefu na kuifunga nazo mguu wa mwenzake unaotoka damu. Mwisho kuna msichana chooni, amejikunyata juu ya sinki la kukalia, simu mkononi, anamwandikia mama yake kwamba anampenda. Mlango unasikika ukifunguka.

Hapo hakuna pande mbili za picha. Kinachokinzana ni lugha ya tangazo na kinachotangazwa. Sauti ya mtoto inabaki ile ile ya kusifia bidhaa hata macho yake yanapojaa machozi, na bidhaa zenyewe ni za kweli, za dukani, za bei ya kawaida. Kwa kufuata kipimo changu, kile kitu kidogo hapa ni soksi. Soksi imepewa kazi mbili kwenye sekunde zilezile, na ya pili inaifanya ya kwanza isiweze kurudi ilivyokuwa. Bunduki haionekani vizuri popote, na haikuhitajika.

Hilo linanirudisha kwenye lawama niliyo nayo kwa aina nzima ya matangazo haya. Kamera inapenda bunduki ndefu. Ina umbo linalotambulika kwa mbali, ina rangi nyeusi inayosimama vizuri mbele ya ukuta wa darasa, inamfanya mtoto aonekane mdogo zaidi. Sheria iliyozuia bunduki za kivita kuanzia 1994 hadi 2004 nayo ilikuwa na jicho la aina hiyo: pamoja na kutaja baadhi ya bunduki kwa majina, ilizitambua nyingine kwa viungo vyake, mshiko kama wa bastola, mahali pa kufungia singe, kifaa cha kuficha mwale wa risasi. Wapinzani waliiita sheria ya sura, na watengenezaji wakaondoa kiungo kimoja au viwili wakaendelea kuuza.

Takwimu zinaelekeza kwingine. Mwaka 2021 Wamarekani 48,830 walikufa kwa risasi. Zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Katika mauaji ya mwaka 2020 ambayo FBI ilipata maelezo ya silaha iliyotumika, bastola zilihusika katika asilimia 59 ya yale ya risasi, na bunduki ndefu za raifo za kila aina, zikiwamo zile zinazoitwa za kivita, asilimia 3. Sehemu kubwa ya iliyobaki haikuainishwa aina ya silaha. Silaha iliyotawala mabango siyo iliyotawala makaburi. Wanaotengeneza kampeni wanalijua hilo, na wana sababu zao: mauaji ya shuleni ndiyo yanayowaamsha watu wasioamshwa na kingine. Lakini mtu aliyeelimishwa na picha hizi peke yake atadhani hatari inaingia kwa mlango wa shule ikiwa imebebwa na mgeni, na hatafikiria kuangalia kwenye droo ya chumba chake cha kulala.

Na picha ya mtoto mwenye bunduki, iliyoonekana mwaka 2013 kuwa ya kutia chumvi, haikuwa na chumvi nyingi. Tarehe 30 ya Aprili hiyohiyo, huko Kentucky, mtoto wa kiume wa miaka mitano alimpiga risasi dada yake wa miaka miwili akamuua. Bunduki ilikuwa ya kwake mwenyewe, aina ya Crickett, ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na kuuzwa kwa maneno "Bunduki Yangu ya Kwanza". Mwaka 2022 kampuni nyingine ilileta sokoni raifo ya kitoto iliyoigwa umbo la AR-15, bunduki ya mtindo wa kijeshi, na katika nembo zake kulikuwa na fuvu lenye chuchu ya kunyonya mdomoni. Mtengeneza matangazo wa upande wa pili alikuwa ameshaweka mtoto na silaha katika fremu moja, akaona vinapendezana.

Swali linalobaki kwa mtu wa picha ni la kiufundi kabisa: bastola iliyofungwa kwenye droo, usiku, na baba wa familia aliye peke yake sebuleni, unaipigaje? Haina umbo la kuonekana kwa mbali, haina darasa nyuma yake, na mtu aliye hatarini ndiye mwenye kuimiliki. Kampeni ya End Family Fire, iliyozinduliwa Agosti 2018 na Brady, shirika linalopinga vifo vya risasi, pamoja na Ad Council, shirika la matangazo ya kuelimisha umma, ilijaribu njia ya mazungumzo: mtoto anamuuliza baba yake kuhusu silaha iliyomo nyumbani mwao, kwa sauti ya kawaida ya mtoto anayeuliza mambo. Baba anajibu kama baba anayejua kila kitu ndani ya nyumba yake, na kadiri mtoto anavyoendelea kuuliza, ndivyo inavyodhihirika ni nani kati yao asiyejua.